Kabla Lenzi Haijahukumiwa: Kisomea Diski katika Mashine za Gemu za Zamani

Mashine ya gemu yenye umri wa miaka 25 au 30 inapokataa kusoma diski, hukumu hutolewa upesi: lenzi imekufa, itafutwe nyingine. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo, ijapokuwa wakati mwingine huwa ya haki, mara nyingi hutolewa kabla ushahidi haujasikilizwa. Kwamba leza ndiyo sehemu inayostahili kushukiwa mwisho. Na kwamba matengenezo yanayoanzia kwenye leza yanaweza kukiua kifaa ambacho kilihitaji kusafishwa tu, kupakwa grisi au kupatiwa umeme wa kutosha. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mashine hizo hazitengenezwi tena viwandani, na kila moja inayoharibiwa kwa pupa ya fundi hupunguza akiba ambayo haina pa kuongezeka.

Mfano utakaotumika zaidi ni PlayStation ya kwanza ya kampuni ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 3 Desemba 1994 na kufika Marekani na Ulaya mnamo Septemba 1995. Mashine hiyo inafaa kwa sababu mbili: kwanza, ilienea kuliko wenzake wote wa kizazi chake, zikiuzwa zaidi ya milioni 102 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2006, pili, matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na kasoro moja ya maumbile ambayo, ikichunguzwa kwa utulivu, hufundisha karibu kila kanuni ya utambuzi wa hitilafu za aina hii. Penye haja zitatajwa pia Dreamcast ya Sega, PlayStation 2, na nyingine chache ambazo matatizo yake yana sura tofauti.

Hakuna anayeweza kutambua kilichoharibika bila kujua kinachotakiwa kutendeka, kwa hiyo inafaa kuanza na diski yenyewe. CD ni sahani ya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, ambayo upande wake wa juu, ule wenye maandishi na picha, hupakwa utando mwembamba wa alumini na kisha vanishi ya kuulinda utando huo. Data zimeandikwa kwa vishimo vidogo sana, vilivyofuatana katika njia moja inayojizungusha kama gamba la konokono kuanzia karibu na katikati hadi ukingoni. Njia hiyo ikinyooshwa hufikia takriban kilomita 5, na mzunguko mmoja umetengana na unaoufuata kwa mikrometa 1.6 tu, mikrometa moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Kisomea diski huimulika njia hiyo kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanometa 780, mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu karibu haliuoni, kisha hupima mwanga unaorudi, kwa kuwa mwanga uliogonga kishimo hurudi hafifu kuliko ule uliogonga mahali palipo tambarare.

Ugumu wa kazi hiyo haumo katika mwanga bali katika shabaha. Diski inayozunguka haikai tuli, hupanda na kushuka na kuyumba kidogo kando, ilhali mwanga unatakiwa kukutana barabara kwenye utando wa alumini bila kukosea hata kwa mikrometa chache. Ndiyo maana lenzi haikufungwa mahali pamoja: imening'inizwa kwa nyaya nyembamba katikati ya sumaku, na koili, yaani nyaya zilizoviringwa zinazogeuka sumaku zikipitishwa umeme, huisogeza mamia ya mara kwa sekunde, kwenda juu na chini ili mwanga ufokasi, na kwenda kando ili usitoke kwenye njia. Lenzi, koili na diodi, ambayo ni kipande kidogo kinachozalisha mwanga wa leza, vyote vimebebwa na kigari kinachoteleza juu ya reli kwa nguvu za mota na gia, kutoka ndani kwenda nje kadiri usomaji unavyoendelea. Mota nyingine huzungusha diski, na kasi yake hubadilika daima, kwa sababu njia inatakiwa kupita mbele ya lenzi kwa mwendo uleule: katika kasi ya msingi diski huzunguka mara 500 hivi kwa dakika inaposomwa ndani na kushuka hadi 200 hivi ukingoni, na PlayStation husoma kwa maradufu ya kasi hiyo, ikivuta takriban kilobaiti 300 kwa sekunde.

Kutokana na maelezo hayo inadhihirika kwamba diodi ya leza ni mshiriki mmoja tu miongoni mwa wengi, na kwamba kushindwa kwa mshiriki yeyote huonekana kwa mchezaji kwa sura ileile ya skrini nyeusi au ujumbe wa kukataliwa kwa diski. Tofauti zinaonekana kwa fundi anayetazama na kusikiliza. Mashine inapowashwa ikiwa imefunguliwa, na swichi ya kifuniko ikiwa imebonyezwa ili mashine idhani kwamba imefungwa, matendo hufuatana kwa mpango: kigari hurudi ndani kabisa hadi kibonyeze swichi ndogo inayoonyesha mwanzo wa safari; lenzi hupanda na kushuka mara kadhaa ikitafuta fokasi; diski huzunguka; kisha usomaji huanza kwenye orodha ya yaliyomo, iliyoandikwa ndani kabisa ya diski. Kila hatua ni ushahidi. Iwapo hakuna hata kitu kimoja kinachosogea, mwenye kushukiwa ni umeme, fyuzi, waya bapa uliolegea au swichi ya kifuniko, wala lenzi haina kesi ya kujibu. Iwapo gia zinasikika zikikwaruza bila kukoma, kigari kimeshafika mwisho lakini swichi ya ndani haitoi taarifa, pengine kwa uchafu. Iwapo lenzi inapanda na kushuka na diski haizunguki kabisa, au inazunguka kidogo kisha inasimama, hapo ndipo suala la fokasi, la mota ya kuzungusha au la mwanga hafifu linapoingia. Na iwapo gemu inaanza vizuri kisha inakwama kila mara mahali palepale kwenye hadithi yake, basi aidha diski ina jeraha mahali hapo au kigari kinashindwa kupita sehemu fulani ya reli, mambo mawili yanayotenganishwa kwa kujaribu diski nyingine tu.

Onyo moja linafaa kutolewa hapa kabla ya kuendelea. Kwa kuwa mwanga wa nanometa 780 karibu hauonekani, jicho halipati sababu ya kufumba, na mtu anayeinama juu ya lenzi akitaka kuona kama inawaka hujihatarisha bila kujua. Lenzi hutazamwa kwa pembeni, kutoka mbali kidogo, na wekundu hafifu unaoonekana humo haupimi nguvu ya leza kwa namna yoyote ya kutegemewa. Vilevile kitengo cha umeme cha PlayStation, ambacho mafundi wengi hukiita pawasaplai, kiko ndani ya mashine yenyewe na hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo mashine iliyo wazi na iliyochomekwa haiguswi upande huo.

Mshukiwa wa kwanza ni diski. Upande wa chini unaong'aa ndio unaolaumiwa kwa mikwaruzo, lakini mwanga wa leza hupita katika plastiki yote ya milimita 1.2 kabla haujafika kwenye data, kwa hiyo mkwaruzo mdogo wa chini uko mbali na fokasi na mara nyingi husamehewa. Zaidi ya hayo, data zimetawanywa na kuongezewa taarifa za ziada za kujisahihisha, kiasi kwamba pengo linalofikia milimita 2 na zaidi kidogo kwenye njia linaweza kuzibwa kwa hesabu. Hatari iko juu, upande wa picha, ambako alumini imelindwa kwa vanishi nyembamba tu: mkwaruzo unaopenya huko huondoa data zenyewe, na hakuna ung'arishaji unaoweza kuzirudisha. Diski ikiinuliwa mbele ya taa na nukta za mwanga zikaonekana zikipenya, alumini imetoboka au imeliwa na hewa. Usafi nao una kanuni yake, nayo inatokana moja kwa moja na umbo la njia: kitambaa laini hupitishwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa mzunguko, kwa kuwa mkwaruzo unaovuka njia hukata kila mzunguko kwa sehemu ndogo inayosahihishika, ilhali mkwaruzo unaofuata njia hufuta taarifa mfululizo kupita uwezo wa masahihisho.

Diski zilizonakiliwa zinahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki ndizo zilizozoeleka zaidi kuliko diski halisi. Diski ya kuandikwa nyumbani hurudisha mwanga pungufu kuliko diski iliyopigwa chapa kiwandani, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kukataliwa kadiri kisomea diski kinavyozeeka. Isitoshe, PlayStation hukagua mawimbi madogo yaliyochorwa kwa makusudi kwenye njia ya ndani ya diski halisi, mawimbi ambayo kinakilishi cha kawaida hakiwezi kuyaandika, hivyo mashine ambayo haijafungwa chipu ya kukwepa ukaguzi huo itaikataa nakala hata kama kila sehemu yake ni nzima. Fundi anayepima mashine kwa nakala peke yake hajapima chochote. Diski halisi moja, isiyo na jeraha, ni kifaa cha kazi sawa na bisibisi.

Sasa kasoro ya PlayStation ya mwanzo. Matoleo ya awali yalitumia kitengo cha leza kilichojulikana kwa namba KSM-440AAM, ambacho kigari chake na sehemu zake zinazosogea zilikuwa za plastiki tupu. Plastiki ikiteleza juu ya plastiki kwa maelfu ya saa huliwa, na katika mashine hizo haikuliwa sawasawa, bali upande mmoja ulitangulia kuliko mwingine. Na kwa kuwa kitengo hicho kiliwekwa karibu na pawasaplai, joto liliilainisha plastiki na kuongeza kasi ya ulikaji. Matokeo yake ni kwamba kigari kiliinama kidogo, na lenzi iliyoinama haiielekei diski wima, hivyo mwanga unarudi mahali pasipo pake. Dalili zilijitokeza kwa utaratibu unaoeleweka: kwanza filamu fupi za ndani ya gemu zilianza kukatakata, kwa sababu filamu hudai data bila kusitishwa na haina nafasi ya kusubiri jaribio la pili, kisha muziki ukaruka, kisha gemu zikachelewa kupakia, na mwishowe diski haikutambuliwa kabisa.

Wachezaji wa miaka ya 1990 waligundua dawa ya ajabu, nayo ni kuigeuza mashine juu chini au kuisimamisha ubavu. Mara nyingi ilifanya kazi. Dawa hiyo imetajwa na wengi kama kichekesho cha enzi zile, lakini kwa mtu anayetaka kutambua hitilafu ni kipimo chenye thamani kubwa mno: mashine inapogeuzwa, uzito wa kigari huhamia upande mwingine wa reli, mwinamo hubadilika, na lenzi huielekea diski tena, na ikiwa kugeuzwa tu kunatosha kuirejeshea mashine uwezo wa kusoma, basi diodi haijafa, fokasi haijafa, mota hazijafa, na anayepaswa kurekebishwa ni kigari na reli yake. Fundi aliyeona jambo hilo kisha akaongeza nguvu ya leza atakuwa amempa dawa mgonjwa asiyehusika.

Sony yenyewe ilikubali maana ya ushahidi huo, kwani katika matoleo ya baadaye ilitengeneza kigari kwa chuma cha kumiminwa na kukihamishia kitengo cha leza mbali na pawasaplai. Kwa mashine ya mwanzo iliyoliwa, njia ni mbili. Ya kwanza ni kusafisha reli na gia, kuondoa grisi ya zamani iliyokauka na kugeuka gundi, kupaka kiasi kidogo cha grisi isiyodhuru plastiki, na kukiinua upande uliolika kwa kipande chembamba cha plastiki laini hadi kigari kikae sawa. Ya pili ni kubadilisha kitengo chote na kuweka cha familia hiyohiyo ya KSM-440 chenye sehemu za chuma, kwa tahadhari kwamba vitengo hivyo havifanani vyote kwa plagi na matundu ya skrubu, kwa hiyo namba ilinganishwe kabla ya kununua. Mafuta ya kunyunyiza yanayotumika kulegeza kutu hayafai hapa hata kidogo, kwa sababu hukauka, hukusanya vumbi na hurukia lenzi.

Lenzi nayo husafishwa, lakini kwa adabu. Vumbi la kawaida, moshi wa sigara na mvuke wa mafuta ya jikoni huweka utando usioonekana juu yake, na pamba ya kijiti iliyolowanishwa kidogo tu kwa spiriti safi ya isopropili, yenye maji machache iwezekanavyo, ikipitishwa bila kukandamiza, hurudisha sehemu ya mwanga uliokuwa ukipotea mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kukandamiza ni kosa kwa sababu nyaya zinazoishikilia lenzi zikipinda hazinyooki tena. Chini ya lenzi kuna kioo kidogo kilichoinama kinachopeleka mwanga juu, nacho hukusanya vumbi pia. Kwa kuwa hakifikiki kwa usalama, hupulizwa kwa puto la mkono la mpira, wala si kwa pampu ya hewa ya gereji ambayo hutoa maji na mafuta pamoja na hewa.

Hapa ndipo inapofaa kuzungumzwa ile skrubu ndogo ambayo imemaliza leza kwa idadi isiyojulikana. Kwenye kitengo cha leza kuna rezista inayobadilishwa kwa bisibisi, rezista ikiwa ni kifaa cha kuzuia kiasi cha umeme kinachopita, na kazi yake ni kuamua umeme unaoifikia diodi. Kiwandani iliwekwa kwa kupima mwanga wenyewe kwa kipimo maalumu, na thamani yake hutofautiana kutoka kitengo kimoja hadi kingine kwa sababu diodi hazifanani. Akiigeuza upande wa kupunguza ukinzani, fundi huongeza umeme, mwanga hukolea, na mashine iliyokuwa imegoma husoma papo hapo. Mteja hufurahi, malipo hutolewa, na sifa za fundi huenea. Lakini diodi inayosukumwa kupita kiwango chake huchakaa haraka, na kama chanzo cha tatizo kilikuwa uchafu au mwinamo, mwanga wa ziada umekifunika tu kwa muda. Desturi hii imewapata wamiliki wa PlayStation, Dreamcast, GameCube na PlayStation 2 kwa namna ileile, na ni sahihi kusema wazi kwamba ni tiba mbaya inapotangulia nyingine. Ikibidi kabisa, baada ya kila kitu kingine kuthibitishwa kuwa kizima, thamani ya awali hupimwa kwa multimita huku kitengo kikiwa kimechomolewa, huandikwa mahali, kisha mabadiliko hufanywa kwa kiasi kidogo sana na kujaribiwa kila mara. Asiyeandika thamani ya kwanza amejifungia njia ya kurudi.

Kuna hitilafu ambazo hujivika sura ya kisomea diski ilhali chanzo chake kiko kwingine kabisa, na mfano ulio bora ni Dreamcast, iliyotolewa Japani tarehe 27 Novemba 1998. Mashine hiyo husoma diski za aina ya GD, zenye uwezo wa takriban gigabaiti 1, na malalamiko ya kawaida ya wamiliki wake ni kwamba katikati ya mchezo inarudi yenyewe kwenye menyu ya mwanzo, jambo linalofanana sana na leza iliyoshindwa. Mara nyingi chanzo ni pini za chuma zinazounganisha pawasaplai na ubao mkuu kupitia soketi. Pini hizo zikifanya utando wa kuoza au zikilegea, volti hushuka pale ambapo mota ya diski inavuta umeme mwingi zaidi, na mashine hujizima na kuanza upya. Pini zikisafishwa kwa spiriti, na zikisogezwa kidogo ili zishike soketi vizuri, ugonjwa huisha bila leza kuguswa. Swichi ya kifuniko iliyochoka huleta dalili ileile, kwa kuwa mashine inayodhani kwamba imefunguliwa hurudi kwenye menyu.

Suala la umeme lina sura ya pekee kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina unyevu na chumvi, na miguso ya chuma ambayo ingedumu miongo katika nyumba kavu huoza upesi, kwa hiyo kusafisha plagi, pini na ncha za nyaya bapa kunapaswa kuwa hatua ya mwanzo kabisa huko. Aidha, mashine ya toleo la Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Mashine iliyonunuliwa ng'ambo ikachomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza volti inaweza kuunguza fyuzi na pawasaplai kwa mara moja, na ikiisha kutengenezwa nusunusu itatoa volti dhaifu ambazo kisomea diski ndicho cha kwanza kuzihisi, kwa sababu mota na koili zake zinahitaji nguvu nyingi kwa ghafla. Kabla leza yoyote haijanunuliwa, volti zinazotoka kwenye pawasaplai zipimwe wakati diski inazunguka, si wakati mashine imetulia. Kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme na kuutuliza, nazo huzeeka na kuvuja kimiminika kinachokula ubao. PC Engine Duo ya mwaka 1991 inajulikana kwa ugonjwa huo, na dawa yake ni kuzibadilisha zote na kusafisha ubao.

PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, iliongeza utata na pia ikampa fundi chombo kipya cha utambuzi. Kwa kuwa inasoma DVD pamoja na CD, kitengo chake kina mwanga wa aina mbili, wa nanometa 650 kwa DVD na wa nanometa 780 kwa CD, na hivyo inawezekana upande mmoja kudhoofika huku mwingine ukiwa mzima. Baadhi ya gemu zake zilitolewa kwenye CD, ambazo hutambulika kwa upande wa chini wenye rangi ya samawati, na mashine inayosoma hizo vizuri lakini inakataa zile za DVD zenye rangi ya fedha imejieleza yenyewe: mota, reli, umeme na nyaya vimepita mtihani, na kilichobaki ni mwanga wa DVD au mwinamo wa lenzi, ambao kwa DVD unahitaji usahihi mkubwa zaidi kwa sababu mizunguko ya njia imetengana kwa mikrometa 0.74 tu. Katika matoleo ya mwanzo yaliyo manene kuna gia ndogo nyeupe inayorekebisha mkao wa reli, na kama ilivyo kwa ile rezista, alama ya mahali ilipokuwa hutiwa kwa kalamu kabla ya kuigusa. Mwenye mashine akiona diski zake zinatoka na mkwaruzo wa duara kamili, ajue kwamba kuna kitu kinachogusa diski inapozunguka, mara nyingine waya bapa wa leza uliokaa vibaya, na asiingize diski nyingine hata moja kabla kitu hicho hakijapatikana.

Mikanda ya mpira inaweza kuelezwa kwa ufupi. Family Computer Disk System ya Nintendo, iliyotolewa Japani Februari 1986, haikutumia leza bali diski za sumaku, na mkanda wake wa kuzungusha huyeyuka kwa umri na kuwa kama lami. Mkanda mpya hautoshi, kwa kuwa mkao wa kichwa cha kusomea nao unatakiwa kupangwa upya. Xbox ya mwaka 2001 hukataa kufungua droo ya diski kwa sababu mkanda mdogo umekuwa laini na unateleza. Katika hali zote mbili kisomea chenyewe kinaweza kuwa kizima kabisa.

Iwapo ushahidi wote umesikilizwa na leza ikapatikana na hatia, kitengo kipya hufungwa. Vitengo vingi huja na tone la lehemu linalounganisha nukta mbili kwenye ubao wake mdogo, ili umeme tuli wa mwilini usiiue diodi njiani. Tone hilo huondolewa baada ya kitengo kufungwa, na kusahaulika kwake huifanya leza mpya ionekane kuwa imekufa tangu mwanzo. Ubora wa vitengo vinavyouzwa leo unatofautiana sana, na kitengo halisi kilichotumika, kilichosafishwa vizuri, wakati mwingine hukishinda kipya cha kuiga. Wengine huondoa kisomea diski chote na kufunga kadi ya kielektroniki inayoidanganya mashine kwamba diski imo, huku gemu zikisomwa kutoka kadi ya kumbukumbu; XStation hufanya hivyo kwa PlayStation na GDEMU kwa Dreamcast. Ni suluhisho halali kwa mashine ambayo sehemu zake hazipatikani tena, mradi kisomea cha asili kihifadhiwe, kwa sababu mtu mwingine, akiwa na subira zaidi au vipuri bora, anaweza kukirudisha kazini.

Mashine iliyotengenezwa haijathibitishwa kwa kuonyesha nembo ya kuanzia. Kasoro ya plastiki na joto hujificha mashine ikiwa baridi, kwa hiyo jaribio la kweli hudumu saa nzima au zaidi, mashine ikiwa imefungwa kifuniko chake chote na imewekwa kwa mkao wake wa kawaida juu ya meza isiyoziba matundu ya hewa, na gemu inayochaguliwa iwe ile yenye filamu nyingi na inayojaza diski hadi ukingoni, ili kigari kilazimike kusafiri urefu wote wa reli. Filamu zikipita bila kukatika katika dakika za mwisho kama zilivyopita katika dakika za mwanzo, skrubu za nje ndipo zinapokazwa.